Mlinzi wa Sikio

Kati yangu na Fundi kulikuwa na mbao tu. Upande wangu cherehani na vitambaa, upande wake redio zilizopasuliwa matumbo, spika zisizo na maboksi, na yeye mwenyewe amejikunja juu ya meza akichomea. Akitaka kupima chombo aligonga mbao mara mbili kwa mpini wa bisibisi, nami nikaondoa mguu kwenye pedeli ya mota. Akigonga mara moja, naendelea kushona. Tuliishi hivyo miaka mingi pale sokoni Mpanda, na wateja wangu waliozoea nao wakawa wananyamaza bila kuambiwa, wameshika vitambaa vyao, wanasubiri Fundi amalize kusikiliza.

Haikuanza kwa wema. Nilipohamia kile kibanda ndiyo kwanza nilikuwa nimefunga mota kwenye cherehani yangu, na nilikuwa najivuna nayo sana. Siku ileile akatokea mlangoni mtu mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hata salamu hakutoa.

"Mama, mota yako inaingia kwenye amplifaya yangu."

"Iambie amplifaya yako izibe masikio," nikamjibu.

Nilikuwa simjui bado. Mtu mwingine angekasirika, au angecheka. Yeye alisimama akalifikiria lile neno langu la ovyo kama vile nimemletea shauri la maana, kisha akasema kwa upole, "Ndiyo kazi ninayoifanya. Sijamaliza tu." Baadaye akarudi na kapasita, kidude kidogo kama punje ya harage, akaifunga kwenye mota yangu bila kuomba ruhusa. Kelele ikapungua. Haikuisha. Ile iliyobaki ndiyo tuliyokuwa tunaimalizia kwa kugonga mbao.

Kunisalimu alianza baada ya muda mrefu sana. Aliniita Mama Cherehani, na mimi nilimwita Fundi kama kila mtu. Jina lake halisi nililisikia siku ya msiba nyumbani kwake, likanishtua kidogo, kana kwamba wanamtaja mtu mwingine.

Ajabu yake ni kwamba ugali wake ulitoka kwenye kelele. Makanisa ya huko Katumba, baa za mjini, magari ya matangazo, watu wa minada ya ng'ombe, wote walimletea vyombo wakitaka sauti kubwa zaidi. Yeye alitaka sauti safi. "Kubwa ni rahisi," alikuwa akisema. "Hata punda anayo." Na yeye mwenyewe aliongea chini chini, hivi kwamba mteja alilazimika kuinama juu ya meza ndipo amsikie. Nadhani alifanya makusudi. Mtu akiinama, naye anaacha kupiga kelele.

Simu hazikuruhusiwa mezani pake. Kulikuwa na kikapu cha ukili kimetundikwa mbali, kwenye nguzo ya mbele, na kila aliyekuja aliweka simu humo, awe mchunga ng'ombe au afisa. Sababu tuliisikia wenyewe kila mtu mpya aliposahau: kabla simu haijaita, spika ilianza kutoa ile tiki-tiki-tiki-trrr. Fundi alikuwa ananyanyua uso, anamtazama mwenye simu kwa huzuni. Hakugomba. Ile huzuni yake ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa.

Nilikuwa naenda kukaa kwake kazi zikipungua, na kwa sababu hakuwa na maongezi mengine, nikajifunza mambo yake bila kupenda. Katikati ya kila chombo, alinionyesha, kuna kidudu cheusi chenye miguu minane, wao wanakiita aisii. Kazi yake ni kupokea sauti ndogo sana, ile ya kwenye maiki, na kuikuza. Ila hakichagui. Ukikipa wimbo kinakuza wimbo, ukikipa takataka kinakuza takataka. Kwa hiyo uchafu inabidi uzuiwe mlangoni, ungali mdogo. Ndiyo maana waya za maiki alizisokota mbili mbili kama kamba, akazivisha wavu wa shaba, na waya zote za kwenda ardhini akazikutanisha sehemu moja tu. "Zikikutana sehemu mbili zinaanza kuzungukana," alisema, "na hapo ndipo mnasikia ule mvumo."

Nilichokipenda mimi ni habari ya zile waya mbili. Alisema kile kidudu kina milango miwili ya kuingilia, na hakijali kinachoingia, kinajali tofauti. Kelele ya njiani inaingia milango yote miwili sawasawa, basi kidudu kinaidharau. Sauti ya mtu inaingia kwa tofauti, na hiyo ndiyo inayokuzwa. Siku moja Msukuma mmoja mwenye ng'ombe na jirani yetu mmoja mwenye shamba walikuja wanagombana mpaka mbele ya vibanda vyetu, kila mmoja anapiga kelele kwamba amedharauliwa, kwamba yeye si mtoto, kwamba baba yake alikuwa mtu wa heshima. Fundi aliweka pasi yake ya kuchomea kwenye kishikio akatoka nje.

"Nyie wote mnasema mmedharauliwa," akawaambia kwa ile sauti yake ya chini. "Hilo ni moja, tulitoe. Kinachobaki ni nini?"

Wakatazamana. "Ng'ombe wake wamekula mahindi yangu," akasema mwenye shamba.

"Basi ongeeni mahindi."

Akarudi kukaa. Na wale watu, msitarajie kwamba walikumbatiana, waliendelea kugombana mpaka jioni, lakini waligombana juu ya mahindi.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkaidi kiasi cha kuchosha, na ukaidi wake ulikuwa na mahali pake maalumu: pale alipopaita sikio la chombo, yaani pale waya ya maiki inapoingilia. Kwetu mvua ikianza kunguruma kila nyumba inakimbilia plagi. Tunachomoa, tunakaa, tunajiona tumeokoka. Kanisa moja la upande wa Usevya lilifanya hivyohivyo, na bado chombo chao kikafa. Mzee wa kanisa alikileta kwa Fundi akiwa amekasirika.

"Tulichomoa umeme mapema kabisa, hata radi haijakaribia."

"Na ule waya wa maiki ya nje, unaokwenda mpaka kwenye banda la mikutano?"

"Huo si wa umeme, Fundi. Huo ni wa maiki tu."

Fundi alifumba macho. "Mmefunga mlango mkaacha sikio wazi," akasema. Radi haikuhitaji kugusa kanisa, ilipiga jirani tu, na ule waya mrefu ukadaka kishindo chake ukakipeleka moja kwa moja kwa kile kidudu chenye miguu minane. Kidudu kilichozoea mnong'ono kikapigiwa kelele moja tu, kikafa.

Tangu hapo hakurudisha chombo cha mtu bila kuweka mlinzi. Mlinzi wake alikuwa resista moja mlangoni, ya kumpunguza kasi yeyote anayeingia kwa fujo, na nyuma yake dayodi mbili za kumwaga kilichozidi. Watu waliokuja na vyombo visivyo na hitilafu hiyo aliwawekea pia, wakitaka wasitake. Tatizo ni kwamba mlinzi naye ana kelele zake. Resista hiyo, kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyolinda zaidi, na ndivyo inavyoongeza ule mchuruziko wa shiii nyuma ya sauti. Wanakwaya walikuja kulalamika. "Fundi, maiki sasa inachemka kama sufuria." Yeye akawajibu, "Afadhali ichemke kuliko ife. Hakuna sikio bila mlinzi." Wengine walihamia kwa mafundi wengine. Hakuwafuata.

Na masikio yake mwenyewe? Alisimama mbele ya maspika ya harusi na mikutano miaka yote ile akipima, bila hata pamba. Nilimwambia. Akasema yeye anasikiliza, na anayesikiliza hawezi kujiziba.

Jambo moja alilikana mpaka mwisho. Fundi alikuwa akiimba. Siyo kwa maneno. Akishika kazi ngumu, akasahau dunia, ulitoka kifuani mwake wimbo wa mdomo uliofumbwa, uleule kila siku, unapanda kidogo, unashuka, unarudi ulipoanzia. Mimi nilikuwa nausikia kupitia mbao nikizima mota. Nikamtania siku moja, "Leo Fundi umeimba vizuri."

"Nani? Mimi siimbi."

"Umeimba asubuhi nzima."

"Labda ni redio," akasema, na redio zote mle ndani zilikuwa zimelala zimefunguliwa matumbo.

Mtu aliyesikia waya mmoja umelegea kwenye chombo kizima, kifua chake hakukisikia.

Sasa nifike kwa mke wake, maana bila yeye picha ya Fundi ni nusu. Sisi tulimwita Mama Fundi. Walikulia pamoja kwenye makazi ya wakimbizi, wakalima tumbaku pamoja, na walipoongea wao wawili walichanganya Kirundi na Kiswahili kwa haraka, mimi nikiambulia "ego, ego" tu, ndiyo, ndiyo. Alikuwa mfupi, mcheshi, anacheka kabla hujamaliza kisa. Halafu akaugua homa kali iliyomlaza muda mrefu, na alipoinuka masikio yake yalikuwa yamebaki nyuma. Alisikia mlango ukibamizwa. Mtu akiongea naye, aliona midomo tu.

Hospitalini alipewa kile kifaa kidogo cha kuvaa sikioni. Kilipiga mluzi, na betri zake za vidonge zilipokwisha hapakuwa na mtu Mpanda nzima aliyekuwa nazo. Fundi akakaa akamtengenezea chake. Kilikuwa kiboksi cha plastiki cha kutia mfukoni, kinatumia betri za tochi, kina visikilizio vya masikioni, na maiki yake ilikuwa mwisho wa waya mrefu ili Mama Fundi aweze kuisogeza karibu na anayeongea. Kidudu cha ndani alikiagiza Dar es Salaam, kile cha aina tulivu. Nakumbuka siku alipokivaa mara ya kwanza hapo kibandani kwangu. Nilimwambia, "Habari za asubuhi, Mama Fundi," na yeye akashika shavu langu.

Ila nacho kilikuwa na mlinzi. Bila shaka kilikuwa naye. Na mlinzi mkubwa, maana yule alikuwa mke wake. Kwa hiyo nyuma ya kila sauti Mama Fundi alisikia ile shiii, nene, haikatiki. Aliiita mvua. "Leo mvua ni kubwa," alikuwa akiniambia akicheka. Mtu akiongea karibu na maiki, alimsikia. Mtu akiongea kwa upole, au kwa mbali, mvua ilimfunika. Na mume wake, masikini, alikuwa mtu wa kuongea kwa upole. Akimwongelesha ilimbidi apaze sauti, jambo asilolijua, akawa anatoa maneno machache tu ya lazima, chakula, dawa, twende. Mama Fundi aliniambia, "Nimepata masikio, mwanaume nimemkosa." Alicheka, lakini mimi niliinamia kitambaa changu.

Mchana alikuwa akija kukaa kwangu na kile kiboksi, anakata nyuzi za nguo zilizokwisha. Ndipo nikajua kwamba moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alikuwa amemwambia, na alikuwa amemwambia mumewe pia. Miguu ilimvimba. Alianza kumwomba Fundi amtoe yule mlinzi.

Nilisikia wakibishana kupitia mbao, na siku hiyo Fundi alipaza sauti kweli, tena kwa Kiswahili, kwa hiyo na mimi nilielewa.

"Nikiitoa, kitu kidogo tu kitakiua."

"Acha kife."

"Halafu utasikiaje?"

"Kwani sasa nasikia nini? Nasikia mvua. Nataka kusikia kabla sijaenda."

Alikataa. Aliendelea kukataa kwa muda mrefu, na katika muda huo alijaribu kila ujanja. Alibadilisha waya, alikivika kiboksi bati kwa ndani, alipunguza resista kidogo, akapunguza tena. Kila mara Mama Fundi alikivaa, akasikiliza, akasema kwa adabu, "Imepungua." Fundi alijua mke wake anamdanganya. Nilimwona akikaa pale mezani, pasi ya kuchomea imepoa mkononi, anaitazama ile resista moja ambayo hata punje ya mchele ni kubwa kuliko hiyo. Nilimhurumia. Nilimkasirikia pia, niseme kweli.

Kisha asubuhi moja ya kiangazi, baridi ya Julai ile inayokausha midomo, Mama Fundi akaingia kwangu kimya, akakaa, akaniashiria nizime mota. Nikazima. Alikuwa amevaa visikilizio. "Ametoa," akaninong'oneza. "Mvua hakuna."

Nikaongea kwa sauti ya kawaida, kisha ya chini, kisha nikanong'ona, na yote akaniitikia. Akasikia mkasi wangu. Akasikia kuku wa mama ntilie nyuma ya vibanda. Halafu, sijui ni nini kilimtuma, akachukua ile maiki ya mwisho wa waya akaibandika kwenye mbao, upande wa mumewe. Akafumba macho.

Nilimwona akitulia. Kisha uso wake ukaanza kufanya kitu ambacho sikukielewa, mdomo unacheka na machozi yanashuka.

"Kumbe bado anaimba," akasema.

Ulikuwa wimbo wa kupalilia. Walipokuwa vijana kwenye tumbaku, yeye alianzia mwisho huu wa tuta na Fundi mwisho ule, na kwa wimbo huo alijua mwenzake amefika wapi bila kuinua kichwa. Tangu homa ile hakuwa ameusikia. Alidhani mumewe aliuacha, kwamba aliacha kwa ajili ya masikio yake, na hakuwahi kumuuliza maana angeuliza halafu asisikie jibu.

"Nikamwite?" nikamuuliza.

Akanishika mkono. "Usimwambie kabisa. Akijua, ataacha."

Basi zile siku zilizofuata zilikuwa hivyo. Alikuja, nikazima mota, akabandika maiki kwenye mbao. Nguo za watu zilichelewa, na nikasingizia umeme. Upande wa pili Fundi alichomea, akaimba, hakujua. Nakumbuka nikiwaza kwamba sijawahi kukaa karibu na furaha ya mtu kwa namna ile, na nilikuwa naogopa hata kukohoa.

Iliisha kwa sweta. Baridi iliongezeka, Mama Fundi akavaa lile sweta lake la nailoni, na alipolivua kupitia kichwani, waya ya maiki ikiwa mkononi, kikalia kimlio kidogo, pa, kama cha kijiti kikavu. Kila mtu Mpanda anakijua kimlio hicho wakati wa kiangazi. Tunakicheka, watoto wanakifanya mchezo gizani. Mama Fundi akagusa kiboksi, akageuza swichi, hakusikia kitu. Kisha akanitazama akatikisa kichwa.

Fundi hakusema, "Nilikuambia." Kwa hilo nampa heshima mpaka leo. Aliagiza kidudu kingine Dar, na wakati akisubiri akaweka kimoja alichokitoa kwenye chombo kibovu cha baa, lakini hicho kilinguruma kuliko hata mvua ya mwanzo. Mama Fundi alikivaa siku moja kwa adabu, kisha akakiweka kando ya mto wake na hakukivaa tena. Wiki hiyo hakuja sokoni. Alikufa akiwa usingizini, mchana, mumewe akiwa amekaa hapo hapo. Kifurushi cha Dar kilifika baada ya mazishi. Niliona kondakta wa basi akimkabidhi, na Fundi akakipokea kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea rambirambi.

Baada ya hapo sikusikia wimbo upande wa pili. Nilizima mota mara nyingi kusikiliza. Hata kugonga mbao aliacha. Vijana walikuwa wakinunua zile spika za bluetooth ambazo zikifa zinatupwa, wateja wakapungua, na mwishowe akafunga kibanda akahamia Misunkumilo kwenye kishamba chake cha mahindi. Kile kibanda sasa kinauza vocha na vifuniko vya simu. Yule binti muuzaji anashangaa kwa nini kuna kikapu cha ukili kwenye nguzo.

Nilikwenda kumwona mwaka huu, baada ya mavuno. Nilimkuta nje amekaa kwenye turubai akipukuchua mahindi. Alikuwa amevaa visikilizio, na kile kiboksi cha mkewe kilikuwa kwenye mfuko wa shati, lilelile la vifungo mpaka shingoni. Masikio yake nayo yalikuwa yameondoka, kama nilivyomtabiria. Nikakaa karibu, akanisogezea maiki, nikaongea humo.

"Unanisikia, Fundi?"

"Nakusikia. Na mvua nasikia." Akagusa mfuko. "Nimemrudisha mlinzi. Nimeweka na kile cha Dar."

Tukapukuchua. Aliniuliza habari za sokoni, nikampa. Kisha mikono yake ikasimama.

"Mama Cherehani, wewe ulikuwa unakaa naye. Nikuulize." Alikuwa anatazama gunzi, hanitazami mimi. "Nilikosea? Ningemwacha mlinzi, angesikia mpaka mwisho. Kidogo kidogo, lakini mpaka mwisho. Mimi nilimtoa, na mwisho wake ukawa kimya. Siku zote najiuliza, zile siku chache, alipata nini?"

Nilikuwa nimebeba siri ya mtu aliyekufa, na aliniomba nisiseme kwa sababu mwimbaji angeacha. Mwimbaji alikuwa ameacha tayari. Nikashika maiki.

"Alikusikia ukiimba," nikasema.

"Mimi siimbi."

"Fundi. Alikuwa anabandika hii maiki kwenye mbao, upande wako, anafumba macho. Kila siku mpaka siku ya sweta. Alikuwa anasema, kumbe bado anaimba. Alinikataza nisikwambie."

Akashika kidevu kwa mkono wenye vumbi la mahindi. Mimi nililia, yeye sijui, alikuwa amegeuzia uso upande wa shamba.

"Wimbo gani?" akauliza mwishoni.

"Ule wa kupalilia."

"Sikumbuki kuuimba."

"Mimi naukumbuka. Nimeusikia miaka yote."

Nikaisogeza maiki mdomoni. Sina sauti, wala Kirundi sijui, kwa hiyo niliuimba kama nilivyokuwa nausikia kupitia mbao, mdomo umefumbwa, unapanda kidogo, unashuka, unarudi ulipoanzia. Nilipofika katikati, simu yangu iliyokuwa mfukoni ilitaka kuita, na nikaona uso wake umekunjamana kwa ile tiki-tiki-trrr masikioni.

Akanyanyua kichwa akanitazama kwa huzuni yake ya zamani.

"Zima simu," akasema. "Halafu rudia, tangu mwanzo."